Supachaja kwenye Hilux 2.7 ya petroli ya kazi ya kila siku: nataka ifike Timboroa ikipumua kama iko Mombasa

Hilux_ya_Njoro (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu sikutaka kuja hapa na ndoto tupu. Sasa nimeshapima, nimesoma, nimewasumbua mafundi wawili watatu, na nadhani nina kitu cha kuweka mezani.

Gari ni Hilux Vigo dabo kebini, injini ya 2TR-FE, petroli, gia za mkono. Ni gari la kazi. Jumatatu hadi Jumamosi inabeba miche na mabomba ya kunyunyizia maji kutoka Nakuru. Leo Molo, kesho Kericho mpaka Kisumu, na mara mbili kwa mwezi Timboroa na Burnt Forest. Jumapili inatupeleka kanisani. Sina gari la pili. Ikilala, kazi imelala.

Shida yangu ni mlima. Ukitoka Salgaa kuelekea Mau Summit na kilo mia saba nyuma, unaanza na gia ya nne, unarudi ya tatu, halafu ya pili, mguu umefika sakafuni na trela iko mbele yako. Nafasi ya kulipita inafunguka na kufungika kabla injini haijaamka. Sitaki kupita lori kwa kubahatisha nikiwa na watoto ndani ya gari. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Mashindano siyataki.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi injini hii ina nguvu za farasi 160 na nyutoni-mita 241 kwenye mizunguko 3,800. Namba hizo ni za usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni kilopaskali 101. Nakuru tuko mita 1,850 hivi, na presha yetu ni kama 81. Timboroa, pale reli inapopita mita 2,784, inashuka mpaka 72. Injini isiyo na kitu cha kuisukumia hewa inavuta ile inayoikuta. Kwa hiyo 160 yangu ni karibu 130 hapa nyumbani, na kule Timboroa ni kama 115. Sijapakia hata mche mmoja na nimeshapoteza farasi thelathini.

Wazo langu ni supachaja ndogo, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, ya kuzungushwa na mkanda, busti (presha ya ziada juu ya ile ya nje) ya psi tano au sita, basi. Injini nzima haijawahi kufunguliwa. Naomba mnikosoe kabla sijatoa pesa, maana baada ya kutoa nitaanza kujitetea.

Mkulima_wa_Molo

Ndugu, uza hiyo gari ununue D4D, ile Hilux ya dizeli. Dizeli imekuja na tabo yake (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) kutoka kiwandani, inavuta kuanzia chini, inakula kidogo. Pesa ya supachaja, mabomba na kompyuta itakaribia tofauti ya bei. Mimi napandisha viazi magunia ishirini ya kilo hamsini na sijui kama kuna mlima.

Hilux_ya_Njoro

Mzee, ushauri wako ni wa busara na nimeupima kweli. Kinachonizuia ni kwamba gari hii naijua. Nimekuwa nayo miaka tisa, chesisi haina kutu, gia haijawahi kuguswa, na najua kila sauti yake. Nikinunua D4D iliyotumika nanunua historia ya mtu mwingine: nozeli zake, pampu yake ya presha kubwa, mafuta aliyokuwa akitia. Nozeli nne zikichoka, bei yake unaijua kuliko mimi. Na wewe umesema kweli kwamba ukinunua dizeli leo unanunua tabo, maana yake sote wawili tunakubaliana injini za huku juu zinahitaji kusukumiwa hewa.

Dereva_wa_Salgaa

Mimi ni wa trela, ile ile inayokuziba. Nimepanda na kushuka barabara hiyo miaka kumi na minne.

Kupanda nakuelewa. Lakini mlima huo una upande wa kushuka, na ule wa Sachangwan umemaliza watu wengi. Kabla ya farasi niambie habari za breki. Hilux hiyo nyuma ni dramu. Kuna valvu fulani imefungwa kwa fimbo mpaka kwenye ekseli ya nyuma, inasoma mzigo: gari ikikaa chini inaachia breki nyingi nyuma, ikiwa juu inapunguza. Wengi mkiongeza majani ya springi mnasahau kuirekebisha. Nyuma inabaki juu hata ukiwa na tani nzima, valvu inadhani umebeba hewa, na breki za mbele zinafanya kazi ya magurudumu manne. Zinachemka. Wewe umeongeza majani?

Hilux_ya_Njoro

Nimeongeza mawili, kila upande moja. Na fimbo hiyo sijawahi kuigusa. Asante sana mkubwa, hili sikuwa nalo kwenye mpango wowote. Kesho naingia chini ya gari.

Fundi_wa_Kibuye

Nimesoma yote mawili matatu. Niko Kisumu, kazi yangu kubwa ni injini za petroli, na supachaja nimefunga chache lakini nimefungua nyingi zilizofungwa vibaya. Niruhusu niandike kirefu.

Kwanza neno. Huku kwetu mteja anakuja anasema "injini imenoki", akimaanisha imekufa. Mimi nazungumzia kugonga, yaani mafuta kuwaka yenyewe ndani ya silinda kabla ya zamu yake, kwa sababu hewa imeshindiliwa na ina joto. Kugonga ndiko kunakoleta hiyo kunoki. Kazi yote ya kufunga supachaja, ukiondoa vyuma na mikanda, ni kuzuia kugonga.

Una bahati moja: 2TR ya zamani kama yako mshindilio wake ni 9.6 kwa 1. Ile iliyofuata yenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) pande zote mbili ni 10.2. Yako ina nafasi kidogo zaidi. Kidogo.

Sasa hesabu yako ya busti. Unasema psi tano au sita. Wapi? Swali hilo ndilo muhimu. Supachaja ya mkanda imefungwa na krenki, ile shafti kuu ya injini, kwa puli. Haijui uko Nakuru wala Mombasa, inazidisha tu ile hewa inayoikuta. Tuseme puli zako zinatoa uwiano wa presha wa 1.4. Mombasa, 101 mara 1.4 ni kama 142, na geji itasoma psi sita kasoro. Kisumu kwangu, kwenye mita 1,130, tuna 88 na ushei, inakuwa 124, geji inasoma tano. Nakuru 81 inakuwa 113, geji inasoma nne na nusu na kitu. Timboroa 72 inakuwa 101. Yaani ile presha ambayo mtu wa Mombasa anapumua bure, wewe ndiyo umeinunua.

Sasa angalia hatari iko wapi. Ukifunga ukiwa Nakuru, ukaona geji iko nne na nusu, utashawishika kuweka puli ndogo zaidi "ili ifike sita". Itafika. Halafu Desemba utapeleka familia pwani, na pale Mariakani kwenye joto, presha ndani ya manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) itakuwa imepanda kuliko siku yoyote uliyowahi kuijaribu. Hapo ndipo pistoni hufa, na wewe utalaumu petroli ya njiani. Chagua puli kwa ajili ya mahali pa chini kabisa utakapowahi kwenda, na umweleze mtu wa kompyuta afanye kazi akijua hivyo. Geji ya kawaida inalinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo inakudanganya ukipanda na kushuka. Tafuta sensa inayosoma presha kamili kuanzia sifuri.

Jambo la pili ni joto. Supachaja za rota mbili za aina ya zamani zinapiga hewa kofi badala ya kuibana taratibu, na joto lake ni kubwa. Kwa uwiano huo wa 1.4, hewa inayoingia na nyuzi 25 inatoka na 80 hivi. Kisumu mchana, inakaribia 90. Hewa ya moto ni nyembamba, kwa hiyo ule ushindi wa Timboroa niliokuhesabia hapo juu unapungua sana kabla hujaufurahia, na kugonga kunasogea karibu. Bila intakula, yaani kipoza hewa, usianze. Kwenye nafasi uliyonayo chini ya boneti, ile ya maji ndiyo inakaa vizuri: rejeta ndogo yake mbele, pampu ya umeme, na tangi dogo. Maji yake yasichanganywe na ya injini.

Kijana_wa_Leth

Fundi amesema vyote, mimi niongeze ya chuma. Nina kerezo hapa Nakuru na nimeshachonga mabano ya supachaja mara mbili.

Watu hutumia bamba jembamba kwa sababu linakatika kwa urahisi. Bano likipinda hata kidogo chini ya mvuto wa mkanda, puli inakosa mstari, mkanda unapiga kelele, halafu unaruka. Na mkanda ukiruka kwenye mpangilio unaotumia mkanda mmoja kwa vyote, umepoteza pampu ya maji, oltaneta na stelingi kwa pamoja, mlimani. Chuma cha milimita kumi au kumi na mbili, pointi tatu za kushika kwenye injini, na mstari wa puli usizidi tofauti ya milimita moja. Kama unaweza, mpe supachaja mkanda wake peke yake. Ukiruka, gari inarudi kuwa Hilux ya zamani na unafika nyumbani.

Na mkanda ulalie puli ndogo angalau nusu ya mduara. Weka roli ya kuurudisha.

Hilux_ya_Njoro

Fundi, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Lile la puli na Mombasa sikuwa nimeliona kabisa. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari "puli ya psi sita, Nakuru". Nimelifuta.

Naomba msaada kwenye kuchagua supachaja yenyewe. Vitu vipya vinanizidi, kwa hiyo natazama zilizotoka kwenye magari mengine, kwa wauza spea wa Kirinyaga Road na Grogan kule Nairobi. Nimeona aina tatu: Eaton M45 za MINI Cooper S, Eaton M62 za Mercedes Kompressor za zamani zile za SLK 230, na SC14 ya Toyota iliyotoka kwenye Estima. M45 ndiyo rahisi kupata na bei yake nzuri.

Fundi_wa_Kibuye

Acha M45. Namba hiyo ni inchi za ujazo inazosukuma kwa mzunguko mmoja: 45, ambayo ni lita 0.74. M62 ni lita 1.02. SC14 ni lita 1.42. Injini yako ni ya lita 2.7, na kwa sababu ni ya mipigo minne inameza nusu ya hiyo kwa kila mzunguko wa krenki, yaani 1.35. Ili M45 iweze kuishinda injini inabidi izunguke karibu mara mbili u nusu ya krenki. Kwenye mizunguko 5,200 ya injini, supachaja iko zaidi ya 13,000, inapika hewa, na ukitoa ile inayovuja kati ya rota, busti yenyewe ni ya kubembeleza. Ilitengenezwa kwa injini ya lita 1.6, na huko inafanya kazi nzuri.

SC14 kwa uwiano wa puli wa 1.25 inasukuma lita 1.77 kwa injini inayomeza 1.35. Na inazunguka taratibu, 6,500 hivi kwenye kikomo chako. Kwa gari la kila siku napenda kitu kikubwa kinachozunguka taratibu. Pia ina klachi ya sumaku kama ya kompresa ya AC, inaweza kuachia ukiwa hujakanyaga. M62 nayo inafaa ukiizungusha mara 1.7. Kinachoamua ni hali ya ile utakayoikuta.

Ukiwa dukani, zungusha kwa mkono. Iende laini bila kukwama. Tikisa shafti juu chini. Chungulia rota: ngozi yake ikiwa imebanduka, hewa itavuja na vipande vitaingia kwenye injini. Eaton ikilia kama mawe kwenye kopo, mara nyingi ni kile kiunganishi kidogo cha shingoni, kinabadilishwa. Nusa oili yake pia. Supachaja hizi zina oili yao wenyewe, haihusiani na ya injini, na wengi wamezitumia miaka ishirini bila kujua kuna kitu cha kubadilisha humo.

Mtu_wa_Kericho

Mimi naandika kwa uchungu kidogo. Miaka minne iliyopita nilifungiwa supachaja kwenye pikapu ya petroli kama yako, na gereji ambayo sitaitaja. Kazi ya chuma ilikuwa safi, hata mabomba yaling'aa. Kwenye mafuta waliniwekea kijidude cha waya kinachodanganya sensa ili kompyuta iongeze mafuta kidogo. Nozeli zile zile, pampu ile ile. Siku ya kwanza nilipanda kutoka Ahero mpaka Kericho kwa gia ya nne nikiimba.

Wiki ya sita, mlima huo huo, nikasikia kama punje za mahindi zinarushwa kwenye bati. Nilidhani ni kokoto. Nikaendelea kukanyaga. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika pale ringi zinapokaa, na silinda imechanika. Ilikuwa imekosa mafuta kwenye mizunguko ya juu muda wote huo na sikuwa na geji yoyote ya kunionyesha.

Tafadhali, nunua geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kununua supachaja. Ifunge leo, kwenye gari ilivyo. Uijue namba yake ya kila siku.

Hilux_ya_Njoro

Pole sana ndugu yangu. Na asante kwa kulisimulia, najua si rahisi.

Geji imeshaagizwa. Nilivyoelewa, ukitembea kawaida inakaa 14.7 (sehemu za hewa kwa sehemu moja ya mafuta), na chini ya busti inatakiwa ishuke mpaka 11.5 au 12. Fundi, nisahihishe kwenye nozeli: kwa lengo la farasi 200 pale pwani, nimepata kila nozeli iwe na uwezo wa cc 400 kwa dakika ili isizidi asilimia 80 ya kazi yake. Na pampu ya lita 255 kwa saa, zile za Walbro ambazo kila mtu anazo.

Fundi_wa_Kibuye

Hesabu iko sawa. Lakini ukishabadilisha nozeli, kompyuta ya kiwandani haitajua. Lazima programu yake irekebishwe, au ufunge kompyuta nyingine. Hapo ndipo pesa nyingi iende. Nikikuta mteja ana shilingi mia, namwambia hamsini ziwe za kompyuta na mtu wa kuipanga, na hizo nyingine tugawane mimi na vyuma. Mpangaji apunguze pia muda wa cheche, kama nyuzi moja kwa kila psi moja ndipo aanzie, kisha asikilize kugonga kwa vifaa vya masikioni. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja: kwa NGK kutoka 6 kwenda 7. Na pengo lake lipunguzwe, milimita 0.7 au 0.8, la sivyo cheche inazimwa na ile hewa nene.

Mpangilio wa hewa: filta, sensa ya hewa, mlango wa hewa, supachaja, intakula, manifoldi. Katika mpangilio huo weka baipasi, ile valvu ya vakyumu inayorudisha hewa nyuma ukiwa umekanyaga kidogo. Bila baipasi, supachaja inafanya kazi ngumu hata ukiwa kwenye foleni ya Nakuru mjini, na mafuta utayalilia. Ukiwa nayo, safari ya kawaida ya kilomita themanini kwa saa inakuwa karibu kama zamani.

Halafu mambo mawili madogo yanayosahaulika. Bomba la servo ya breki linavuta vakyumu kwenye manifoldi, na sasa manifoldi itakuwa na presha. Ile valvu ya njia moja kwenye bomba hilo iwe mpya. Vilevile valvu ya kupumulia oili: ikivuja, busti inaingia kwenye sampu (bakuli la oili) na sili zinaanza kutema oili.

Mama_wa_Miche

Nawasalimu wote. Mimi si fundi, lakini nafanya biashara kama ya mwenye uzi na pikapu moja, kwa hiyo nafuatilia kwa makini. Maswali mawili. Mafuta yatapanda kiasi gani? Kila tarehe 14 EPRA, wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei mimi nashika roho. Na bima je? Gari ikipata ajali wakakuta injini imebadilishwa?

Hilux_ya_Njoro

Dada, maswali yako ndiyo mke wangu aliyoniuliza, na kwa mpangilio huo huo.

Sasa hivi napata kilomita nane kwa lita na mzigo wa kawaida. Kwenye tambarare natarajia nisipoteze sana, kwa sababu ya hiyo baipasi. Kwenye mlima itakula zaidi, hakuna njia. Nguvu inatoka kwenye petroli, na supachaja yenyewe inahitaji farasi kumi na zaidi kuzungushwa. Nimeweka kwenye bajeti asilimia kumi na tano juu ya ninachotumia leo. Ikizidi hapo nitakuja kusema hapa hapa.

Bima nimeshawaandikia barua kabla ya kufunga chochote, nimeeleza ninachotaka kufanya. Afadhali waniongezee malipo kuliko wanikatalie siku ya shida. Na kwa kuwa pikapu ni gari la biashara, ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uko pale pale, kwa hiyo kila bano na kila bomba lazima lionekane limefungwa na mtu anayejua kazi yake.

Mkulima_wa_Molo

Nimebadilisha mawazo nusu. Lakini bado niulize: kwa nini usiweke tabo? Tabo huku juu ina faida, haijafungwa na krenki. Hewa ikiwa nyembamba inazunguka haraka zaidi na kukupa busti ile ile. Fundi mwenyewe amekiri supachaja yako itapoteza psi moja kutoka pwani hadi hapa.

Fundi_wa_Kibuye

Mzee wa Molo amenishika, na ni kweli kabisa. Kwa mwinuko peke yake, tabo inashinda.

Ila tazama kazi ya gari. Anataka mvuto kuanzia mizunguko 1,800 akiwa na mzigo nyuma ya trela. Supachaja inampa palepale anapokanyaga. Tabo kwenye 2TR inahitaji manifoldi mpya ya ekzosi, bomba la oili la kwenda na la kurudi, na chuma chekundu karibu na waya za miaka kumi na sita. Nimeona waya hizo zikikauka na kuvunjika kama njiti. Kwa gari la mashindano ningemwambia tabo bila kufikiri. Kwa hili, la miche na kanisa, namwacha na mkanda wake. Wewe ukiniletea lako nitakufungia tabo, kila mtu na mzigo wake.

Mwenye uzi, kabla hatujaendelea: umepima kompresheni, yaani presha ya kila silinda? Na nakuonya mapema, huku juu geji inasoma chini kuliko kitabu kwa sababu hewa inayoingia ni kidogo. Usikubali fundi akuambie injini imechoka kwa kulinganisha na namba ya kitabu. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Isizidi psi kumi na nne hivi.

Kijana_wa_Leth

Na filta jamani. Kiangazi cha Januari barabara za Njoro ni vumbi tupu, na supachaja itavuta hewa nyingi kuliko zamani. Nafasi kati ya rota na ukuta wake ni ndogo kuliko unywele. Chukua hewa kutoka juu kwa snokeli, na boksi la filta la kiwandani, usiweke zile koni za wazi.

Hilux_ya_Njoro

Nimerudi baada ya siku tisa, na nimefanya kazi kidogo.

Fimbo ya valvu ya breki: Dereva, ulikuwa sahihi. Ilikuwa imening'inia kana kwamba gari haijawahi kubeba kitu. Tumeirekebisha kwa mzigo wa kilo mia tano nyuma, tumebadilisha viatu vya dramu, pedi, na mafuta ya breki ambayo yalikuwa meusi kama chai ya mkaa. Nimeshuka Sachangwan Alhamisi na gari lile lile lilisimama kama lingine. Hata nisingefunga supachaja kamwe, uzi huu ungekuwa umenilipa.

Kompresheni, injini ikiwa moto na mlango wa hewa wazi: 148, 150, 147, 150. Nilikaa kwenye ndoo pale gereji nikaziangalia namba hizo kwa muda.

Geji ya mchanganyiko imefungwa na nimegundua kitu. Nikikanyaga hadi mwisho kwa gia ya tatu, ilikuwa ikisoma 13.4 pale juu, nilipotarajia 12.5. Tulipofungua tukakuta filta ya mafuta ndani ya tangi haijawahi kubadilishwa. Tumeweka mpya pamoja na pampu kubwa, sasa inasoma 12.6. Mtu wa Kericho, hili ni lako. Ningefunga supachaja juu ya filta hiyo, ningekuwa pale ulipokuwa.

Mpango umekaa hivi. Mwezi huu ni maji: rejeta mpya, thamostati, na kapo (kiunganishi) ya feni ambayo inateleza. Mwezi ujao ni klachi nzito zaidi, kwa sababu iliyopo ilishaanza kunuka siku ya mzigo wa mabomba pale Mau Summit, na hiyo ni kwa nguvu ndogo za sasa. Baada ya hapo kompyuta, nozeli na plagi, gari itembee nazo hivyo hivyo bila busti wiki tatu mpaka mpangaji aridhike. Supachaja ni ya mwisho. SC14 moja nimeshaiona, inazunguka laini, ngozi ya rota iko, na muuzaji amekubali kunishikia kwa amana. Puli ni ya uwiano wa 1.25. Kijana wa Leth, bano ni lako, nitakuletea vipimo Jumanne, na mkanda wake uwe peke yake kama ulivyosema.

Makadirio yangu ni farasi 165 hadi 175 hapa Nakuru, pale ambapo leo kuna 130. Nitapeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu Nairobi kabla na baada, na karatasi zote mbili nitaziweka hapa.

Dereva_wa_Salgaa

Ukimaliza, ukinifikia nyuma pale kwenye mlima, washa taa mara mbili. Nitakuwashia indiketa njia ikiwa wazi.

Fundi_wa_Kibuye

148, 150, 147, 150. Injini hiyo imetunzwa. Leta Kisumu siku ya kupanga kompyuta, tuipange huku chini kwanza ambako hewa ni nene, halafu tupande nayo wote wawili mpaka Timboroa nikisikiliza masikioni. Nauli sitaki, nataka kusikia.